Beseni la Shirika

Jumatano ile, saa kumi za mchana, mama Philomène alikuwa barazani kwake anachambua pondu, majani ya muhogo, akasikia wimbo wa Bikira Maria unakuja kutoka mwisho wa barabara. Wimbo ule hauimbwi bure katika mtaa wao wa Makiso. Unaimbwa mbele ya beseni la wahitaji. Akanyoosha shingo aone linakwenda kwa nani, maana hata mwenye huruma hupenda kujua. Akawaona wanawake sita wa shirika lao la parokia wanakuja mstari mmoja, mbele yao mwenyekiti wao mama Émilie, na kichwani mwa mmoja wao lile beseni la kijani lenye msalaba mweupe. Wakapita nyumba ya mwalimu. Wakapita nyumba ya mjane, ambaye alikwisha kujitokeza mlangoni akijifunga kitambaa vizuri. Wakaingia kwa mama Philomène mwenyewe.

"Mama Émilie, leo mumepotea njia," mama Philomène akasema, akicheka peke yake.

"Hatukupotea, dada. Usisikie haya. Shida iko ya kila mutu."

"Shida gani?"

Mama Émilie akamtua mwenzake beseni, akaliweka miguuni pa mama Philomène. Ndani mlikuwa na unga wa muhogo, makayabu mawili, samaki wakavu wa chumvi, chupa ya mafuta ya mawese na kipande cha sabuni. "Tunamuona bwana yako papa Benoît kila Jumamosi kule kwenye gati. Chef de bureau muzima, na mitego ya kaa! Mimi nililia, uliza hawa."

Hawa wakaitikia kwamba alilia.

"Aka! Haiko shida ile. Iko loisir! Docteur ndiye alimuambia apumzike!"

Wanawake wakatazamana. "Ndiyo, mama," mama Émilie akasema kwa ile sauti ya kumlisha mgonjwa uji. "Anapumzika. Mungu atamusaidia."

Kukataa hakukuwepo. Beseni hilo lilikuwa na sheria zake, alizoziacha padri mmoja wa zamani, mtu mwema aliyeamini kwamba wema unaweza kupangwa. Anayelikataa ana kiburi, na kiburi chake kitaombewa Jumapili kwa sauti, kwa jina. Anayetoa haambiwi kinakwenda kwa nani. Na beseni likishamwagwa halirudi kanisani. Linakaa kwa aliyepewa mpaka shirika ligundue nyumba nyingine yenye shida, na hapo yule wa mwisho analibeba kichwani mwake mwenyewe, ili maskini naye aonje utamu wa kutoa. Padri alifariki bila kuona matokeo. Mama mmoja alikaa nalo miezi kumi na moja, akawa anawaulizia wagonjwa wa mtaa hali zao kila asubuhi, na akisikia wamepona anarudi ndani kimya.

Mama Philomène akamwaga unga, akatoa makayabu, akasema asante. Kisha akabaki jikoni anatazamana na beseni tupu, na machozi ya hasira yakamtoka.

*

Ukweli wa mambo ulikuwa mwepesi, ndiyo maana hakuna aliyeuamini. Papa Benoît, mtu wa Kindu aliyezeeka katika ofisi moja ya serikali akigonga mihuri, alianguka juu ya meza yake mwezi wa pili. Daktari akampima tension, presha ya damu, akakigonga kile chombo kwa kidole akidhani kimeharibika, akapima tena. "Papa, vidonge peke yake haviwezi," akamwambia. "Tafuta loisir. Kitu cha kufanya kisichokuwa na faida yoyote." Papa Benoît akajibu kwamba kazi ya serikali anayo tayari. Daktari hakucheka.

Ndipo akaona katika simu ya binti yake Grâce wazungu fulani wameketi juu ya gati na viti vyao. Wanashusha vizimba vya waya majini, wanangoja, wanavuta, wanafurahi. Akanunua waya wa mabanda ya kuku, akatengeneza mitego mitatu yenye mlango mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, akafunga kichwa cha samaki katikati ya kila mmoja. Jumamosi akapakia vyote juu ya toleka, baiskeli ya abiria, pamoja na kiti cha plastiki, na mwenye baiskeli alimwuliza njia nzima kama amefukuzwa kazi. Kwenye gati la zamani la chuma, mahali meli hazifungi tena, akashusha mitego, akavaa kofia, akaketi.

Kaa wakaja, wale wadogo wa mtoni wenye rangi ya tope. Sasa sikilizeni kosa lake. Angewaleta nyumbani wakaliwa, watu wangesema maskini, ameishiwa. Angewauza, wangesema mjanja yule. Yeye aliwatoa mmoja mmoja, akawageuza, akawatazama, akawarudisha majini. Mmoja aliyekuwa hakosi mtegoni kila wiki alimpaka mgongoni rangi nyekundu ya kucha za Grâce ili amtambue, akamwita Directeur, kwa sababu anaingia, anakula, na hana kazi nyingine.

Kisangani ni mji wa maji. Wagenia wanasimamisha mitego yao mikubwa ya miti katikati ya maporomoko na hakuna anayewashangaa, kazi yao hiyo. Lakini mtu wa tai na mkoba kuurudishia mto chakula! Wengine wakasema njaa imempanda kichwani. Wengine, hasa baada ya mvuvi mmoja kumnasa kaa mwenye mgongo mwekundu na kumtupa na kukimbia na kuacha na kasia lake, wakasema papa Benoît anamlisha mtu aliye chini ya maji, na kila kaa ana jina la binadamu.

Hata afisa mmoja alifika gatini na kitabu kikubwa kwapani, akadai kibali cha uvuvi.

"Sivui," papa Benoît akasema. "Ninarudisha."

"Bon. Kibali ya biashara."

"Siuzi."

"Alors, unafanya nini hapa?"

"Nimeketi."

Afisa alifunua kurasa zote akitafuta mtu aliyeketi, hakumpata, akaondoka na hasira akiahidi kurudi na kitabu kingine.

Papa Benoît alikuwa anarudi nyumbani jioni ananuka vichwa vya samaki, uso umelegea kama wa mtu aliyekunywa, na tension ilikuwa inashuka kila wiki. Mama Philomène alilijua hilo. Hilo ndilo lililomtesa.

*

Maana Jumapili ya wiki iliyofuata wakwe walikuwa wanakuja. Grâce na Gédéon walikuwa wamependana miaka miwili, na sasa wazazi wa kijana, papa Elisée na mama Kavugho, Wanande wa Butembo wenye duka la jumla pale Makiso, walikuwa wametuma neno kwamba watafika kumwomba binti rasmi. Watu wa kazi wale. Papa Elisée alisifiwa kwamba hajawahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa cha moto. Watakuja, na beseni la wahitaji liko jikoni.

"Benoît, chagua," mama Philomène akamwambia mume wake jioni ile ile. "Ao weye maskini, ao weye mulozi. Kwa hii mtaa haiko chumba ya tatu."

"Na mutu anayepumzika?"

"Huyo bado hajazaliwa! Ukiwa maskini, Grâce ataolewa kwa huruma. Ukiwa mulozi, hataolewa kabisa. Donc, lete ile kaa tukule, watu waone ganda zake kwenye takataka, tuwe maskini ya kawaida."

"Na Directeur?"

"Directeur wa kwanza!"

"Philo," papa Benoît akasema, "miaka makumi mbili na nane ninafanya vitu vya maana. Hii moja tu haina maana. Uniachie."

Hakumwachia. Alimwapisha kwamba hatakanyaga gati mpaka maneno ya ndoa yaishe. Akaificha mitego nyuma ya choo na kiti cha plastiki akamkopesha mjane. Jumamosi ikafika, papa Benoît akavaa kofia, akakumbuka, akaivua. Alizunguka uani asubuhi nzima akigusa kuta. Mchana alijimwagia chai juu ya suruali, na mama Philomène akaona mshipa wa paji la uso, uliokuwa umelala tangu aanze kwenda gatini, umerudi kusimama. Akaogopa. Akaogopa kumpoteza mume kwa kumwokoa binti, na kumpoteza binti kwa kumwokoa mume, na beseni la kijani likimkodolea macho kutoka rafuni. Akaenda kwa mjane kumwuliza, kwa upole mwingi, kama hajambo. Mjane alikuwa mzima kabisa, tena amenenepa.

*

Jumapili wakwe wakaja baada ya misa. Papa Elisée alikuwa na suti ya kijivu na simu mbili, moja kila mkono. Mama Kavugho alikuwa na kitenge kipya na macho ya mtu anayehesabu magunia. Gédéon alimfuata nyuma, anatoka jasho. Mama Philomène alikuwa ameficha beseni uvunguni mwa kitanda, ameshona mapazia upya, amepika lituma ya ndizi, kuku, na kwa kuongezea sahani, yale makayabu. Roho ilimwambia asiyapike. Lakini kuku alikuwa mdogo.

"Wakwe, bokilo, karibuni kwa meza. Grâce! Leta maji ya mikono."

Grâce, mtoto wa watu, kwa haraka yake hakuwaza lolote kuhusu uvungu wa kitanda isipokuwa kwamba ameona huko beseni safi kuliko ile karai yao iliyotoboka. Akaingia nalo, limejaa maji, taulo begani, akapiga goti mbele ya mama Kavugho, na msalaba mweupe ukageukia moja kwa moja kwa mgeni.

Mama Kavugho akalitazama beseni, akatazama sahani ya makayabu, akarudi kwenye beseni. Akanawa mikono pole pole, kidole kwa kidole, kwa adabu zote.

"Hii makayabu," akasema, "minaijua. Jumanne ya ile wiki mama Émilie alikuja dukani. Nilichagua mbili ya nene mimi mwenyewe. Nikasema, Mungu awasaidie hao bantu, nani ajuaye bananyimwa nini."

Mama Philomène alitamani sakafu imfungukie. "Mama Kavugho, ni makosa. Hatuna shida..."

"Kama hamuna shida, kwa nini mulipokea? Na kama muna shida, kwa nini papa anarudisha kaa ndani ya maji?" Sasa sauti ilipanda. "Mimi nilifumba masikio. Banasema anamulisha kitu. Banasema kaa moja iko na rangi nyekundu. Niambieni tu. Mutoto wangu iko mumoja."

"Maman..." Gédéon akasema.

"Nyamaza. Unapenda, ndiyo. Kupenda haioni chini ya maji."

Wote wakamgeukia papa Benoît. Mshipa wa paji la uso ulikuwa umesimama, na mama Philomène akamwombea kwa Mungu aseme uwongo wowote, hata wa kijinga. Papa Benoît akafuta mdomo.

"Ninaketi," akasema. "Ninashusha mtego, ninangoja, ninavuta. Ninafurahi. Ninawarudisha kwa sababu sina njaa. Basi. Haiko kitu kingine, na ningependa kingekuwepo, kwa sababu mungenielewa."

Simu moja ya papa Elisée ikalia. Hakuipokea. Ilikuwa mara ya kwanza mama Kavugho kuona jambo kama hilo, na alimtazama mume wake kwa wasiwasi.

"Mimi ni mufanyabiashara," papa Elisée akasema taratibu. "Sijanunua mali bila kuiona. Jumamosi utanipeleka. Nikiona shetani, ndoa haiko. Nikiona njaa, tutaongea. Nikiona ile unasema..." Akafikiri. "Ile sijawahi kuiona."

*

Jumamosi saa sita mama Philomène na mama Kavugho walikuwa wamesimama ukingoni mwa mto, kila mmoja na mwavuli wake, bila kusemezana. Mbele yao, mwisho wa gati la chuma, wanaume wawili walikuwa juu ya viti viwili vya plastiki. Mitego mitatu ilikuwa chini. Maji ya mto yalikuwa yanapita na majani yake.

Nusu saa ya kwanza papa Elisée alisimama mara tisa. Mama Philomène alizihesabu. Kila mara alipoinuka, ndoa ya Grâce iliinuka naye. Alitembea mpaka mwisho wa gati, akatazama simu, akarudi. Akauliza kitu, papa Benoît akatikisa kichwa. Akauliza tena.

"Anamuuliza kilo ni bei gani," mama Kavugho akasema bila kutaka. "Minamujua."

Kisha papa Benoît akampa kamba. Papa Elisée akavua koti, akavuta, mkono juu ya mkono, mtego ukatoka unachuruzika, na ndani kaa wawili, mmoja mgongo mwekundu. Mama Kavugho akajifanyia ishara ya msalaba. Papa Benoît akawa anaeleza jambo kwa mikono yake miwili, muhuri, meza, kulala. Papa Elisée akainama karibu na mtego. Halafu kicheko kikapasuka juu ya maji mpaka wavuvi wa ng'ambo wakasimamisha mitumbwi.

"Anakula bule!" papa Elisée alikuwa anapiga kelele. "Kavugho! Iko inaitwa Directeur! Anakula bule, anatoka bule, kesho anarudi!"

Akaurudisha mtego majini kwa mkono wake. Akaketi. Akazima simu ya kwanza. Mama Kavugho akakaza mwavuli. Akazima na ya pili.

Saa saba ikapita, saa nane, saa tisa. Mwanaume yule alikuwa amevua viatu, suruali imekunjwa mpaka magoti, mdomo wazi kidogo, anatazama maji. Karani wa duka alikuja mbio kuuliza funguo za depo, papa Elisée akampungia mkono aondoke. Karani akaondoka akigeuka nyuma kila hatua tatu. Watu waliokuwa wanapita juu ya barabara wakaanza kusimama.

"Miaka makumi tatu na moja," mama Kavugho akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijui kama niliona miguu yake mchana."

"Wangu alikuwa anakufa," mama Philomène akajibu. "Sasa hafi. Mimi ndiye niliona haya."

Jua lilipozidi, mama Kavugho alisogeza mwavuli wake ukawafunika wote wawili.

Papa Elisée alirudi ukingoni saa kumi na moja, viatu mkononi, kidole kimebanwa na kaa na kinatoka damu kidogo. "Haiko shetani," akasema. "Haiko njaa. Ndoa iko. Jumamosi ijayo ninaleta kiti yangu mwenyewe."

Mama Philomène alilia pale pale mbele ya watu, na hakujifuta.

*

Jumanne, saa kumi za mchana, alikuwa barazani anachambua pondu na kuimba, Grâce anapima kitambaa cha harusi, mitego inaanikwa hadharani juu ya ua. Mama Émilie akaingia na wenzake watano, uso umejaa huzuni.

"Mama Philomène, toa beseni. Tumepata nyumba."

Tukiwa wakweli, furaha ilimpanda mpaka kooni. "Pole yao! Ni nani?"

Mama Émilie akashusha sauti. "Weye hujasikia? Papa Elisée. Duka limeanguka. Jumamosi alionekana kwenye gati toka saa sita, miguu wazi, simu zimezimwa sababu ya wenye kumudai, anacheka peke yake. Hata depo aliacha bila funguo. Magari ya bidhaa yameanza kupita bila kusimama. Mama Kavugho tangu jana anaapa kwamba ati alikuwa anapumzika."

"Lakini alikuwa anapumzika! Nilikuwepo!"

"Ndiyo, mama," mama Émilie akasema, na akampapasa bega. "Hata weye ulisema vile vile."

Wakajaza beseni pale pale: unga, mafuta, sabuni, makayabu mawili. Kisha wakarudi nyuma hatua moja wakamngojea, maana sheria ni sheria, na wa mwisho ndiye anayebeba. Grâce akashika mdomo. Kulibeba ni kumfedhehesha mkwe siku tatu baada ya kupatana. Kukataa ni kusomwa Jumapili, na jina la papa Elisée litasomwa pamoja nalo. Mama Philomène akajifunga kitenge, akasokota kata, akajitwika.

Wakapita mbele ya nyumba ya mjane, wakapita kwa mwalimu, wimbo wa Bikira Maria umewatangulia, na watu wakatoka milangoni kuona linakwenda kwa nani. Mama Kavugho alifungua mlango wa geti mwenyewe. Aliona wanawake, akaona msalaba mweupe, mwisho akaona uso uliokuwa chini ya beseni. Wakatazamana. Mama Philomène alitaka kusema samahani, lakini shingo yenye mzigo haina nafasi ya kuinama.

"Makayabu imetoka wapi?" mama Kavugho akauliza.

"Dukani kwako. Mbili ya nene."

Kwa kitambo mama Philomène hakujua kitakachofuata. Kisha mkwe wake akanyoosha mikono miwili, akalipokea beseni, akawashukuru wanawake wa shirika kwa sauti ya kanisa, akasema Mungu awazidishie, na akawafungia geti. Ila mama Philomène, yeye mama Kavugho alimshika mkono akamvuta ndani.

"Ingia, bokilo."

Wakaketi jikoni, beseni katikati yao. Kutoka uani walisikia nyundo: papa Elisée alikuwa anakunja waya wa mabanda ya kuku, akipiga mluzi.

"Sasa niambie," mama Kavugho akanong'ona. "Hii kitu italala kwangu mpaka lini?"

"Mpaka mwanaume mwingine apumzike."

Wakaanza kuwataja wanaume wa mtaa mmoja mmoja, kuanzia kwa mwalimu, nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za barabara. Wakafika mpaka mtoni bila kumpata hata mmoja.